The Sims 2

The Sims 2 ni mchezo wa video wa kompyuta unaoigiza maisha ya kila siku ya watu. Uliundwa na kampuni ya Maxis na kutolewa na Electronic Arts ya Marekani tarehe 14 Septemba 2004 kwa ajili ya kompyuta zinazotumia Windows. Ni mwendelezo wa The Sims, mchezo uliotoka mwaka 2000.

Katika mchezo huu hakuna adui wa kupigwa wala mstari wa mwisho wa kufikiwa. Mchezaji hutunza familia ya watu wa kubuni wanaoitwa Sims: huwajengea nyumba, huwapeleka shule na kazini, huwaozesha, huwalelea watoto na mwishowe huwazika. Jambo lililoutofautisha zaidi na mchezo wa kwanza ni umri. Katika The Sims mtoto hakukua kuwa mtu mzima na mtu mzima hakuzeeka. Katika The Sims 2 kila mhusika huzaliwa, hukua, huzeeka na kufa, hivyo mchezaji hulazimika kuamua siku chache za mhusika zitumike kwa lipi.

Historia

Maxis ilianzishwa mwaka 1987 na Will Wright pamoja na Jeff Braun. Ilijulikana kwanza kwa SimCity (1989), mchezo wa kujenga na kuendesha mji. Mwaka 1991 moto mkubwa uliteketeza maeneo ya vilima vya Oakland, California, na nyumba ya Wright ikaungua. Alipoanza kununua upya vitu vya nyumbani alijiuliza mtu anahitaji kitu gani kwanza, na kwa nini. Kutokana na maswali hayo ulikuja mchezo wa nyumba na watu wanaokaa ndani yake. Wright alichota pia mawazo kwa msanifu majengo Christopher Alexander, aliyeandika kuhusu namna majengo yanavyopaswa kuwafaa wakazi wake, na kwa mwanasaikolojia Abraham Maslow, aliyepanga mahitaji ya binadamu kwa ngazi.

Electronic Arts iliinunua Maxis mwaka 1997. The Sims ulitoka Februari 2000, na mwaka 2002 ukaupita Myst na kuwa mchezo wa kompyuta uliouzwa zaidi hadi wakati huo. Mwendelezo wake ulitengenezwa kwa michoro ya pande tatu, ambapo mchezaji anaweza kuzungusha picha na kumsogelea mhusika hadi kuona uso wake. Katika mchezo wa kwanza nyumba zilitazamwa kutoka juu kwa pembe chache tu.

Namna ya kucheza

Mchezaji huanza kwa kuunda familia au kuchagua iliyopo. Familia moja inaweza kuwa na wahusika wasiozidi 8. Kila familia mpya hupewa simoleoni 20,000, ambazo ni fedha za mchezo, kwa ajili ya kununua kiwanja, kujenga na kuweka samani. Mchezaji huelekeza wahusika kwa kipanya: anabofya kitu au mtu, kisha anachagua tendo. Wahusika wanaweza pia kujiamulia wenyewe wasipopewa maelekezo, lakini uamuzi wao si wa busara kila mara. Mhusika aliyeachwa peke yake anaweza kutazama televisheni huku mtoto akilia njaa.

Mahitaji na tabia

Kila mhusika ana mahitaji 8: njaa, faraja, haja, nguvu, burudani, ushirika, usafi na mazingira mazuri. Kila hitaji lina mstari unaopungua kadiri saa zinavyokwenda. Mstari wa nguvu ukiisha, mhusika husinzia popote alipo. Wa njaa ukiisha, anaweza kufa.

Tabia ya mhusika hupangwa kwa pointi 25 zinazogawanywa katika mafungu matano: usafi, uchangamfu, wepesi wa mwili, utani na wema. Kwa kuwa pointi ni chache, hakuna anayeweza kuwa bora katika yote. Anayepewa usafi mwingi hupoteza mahali pengine.

Hatua za umri

Maisha ya mhusika yamegawanyika katika hatua sita:

- mtoto mchanga: siku 3
- mtoto anayejifunza kutembea: siku 4
- mtoto wa shule: siku 8
- kijana: siku 15
- mtu mzima: siku 29
- mzee: idadi ya siku hubadilika

Katika kasi ya kawaida dakika moja ya mchezo ni takriban sekunde moja ya saa halisi, kwa hiyo siku nzima ya mhusika huchukua kama dakika 24. Kuanzia kuzaliwa hadi kuingia uzeeni ni siku 59, yaani zaidi kidogo ya saa 23 na nusu mbele ya kompyuta, kama mchezaji hatasimamisha mchezo wala kuongeza kasi. Urefu wa uzee hutegemea jinsi mhusika alivyokuwa ameridhika na maisha alipofikia hatua hiyo.

Ugumu wa mchezo huonekana vizuri katika hatua ya pili. Mtoto ana siku 4 tu za kufundishwa kutembea, kusema na kutumia choo, na kila somo huchukua saa kadhaa za mzazi. Mzazi huyohuyo anatakiwa kwenda kazini, kupika, kulala na kulipa ankara. Anaweza kumwajiri yaya, lakini yaya hulipwa. Mtoto asipofundishwa hatakufa kwa sababu hiyo. Atakua akiwa na kumbukumbu ya kutokufunzwa, na nafasi ile hairudi. Wachezaji wengi hutambua hapa kwamba kinachopungua zaidi katika mchezo huu si fedha, bali muda.

Malengo, matakwa na hofu

Kuanzia ujana kila mhusika huwa na lengo kuu la maisha. Katika mchezo wa msingi malengo ni matano: familia, utajiri, elimu, umaarufu na mapenzi. Kutokana na lengo hilo hutokea matakwa manne na hofu tatu zinazoonekana kwenye skrini na kubadilika mara kwa mara. Mwenye lengo la familia hutaka kupata mtoto. Mwenye lengo la mapenzi anaweza kuiogopa hata ndoa. Takwa likitimia mhusika hupata pointi na furaha, hofu ikitimia hupoteza. Kwa hiyo tukio moja, kama vile harusi, linaweza kumpandisha mume na kumshusha mke katika nyumba ileile.

Urithi wa sura

Mtoto anayezaliwa hurithi sura na tabia kutoka kwa wazazi wote wawili. Mchezo unatumia kanuni rahisi ya jeni inayofanana na ile wanayofundishwa wanafunzi wa sekondari katika somo la baiolojia. Nywele nyeusi na za kahawia zina nguvu kuliko za njano na nyekundu. Macho ya kahawia yana nguvu kuliko ya kijani. Jeni dhaifu inaweza kukaa kimya kwa wazazi na kujitokeza kwa mjukuu. Rangi ya ngozi ya mtoto huangukia kati ya rangi za wazazi wake. Katika maisha halisi urithi wa rangi ya macho, nywele na ngozi hutegemea jeni nyingi kwa pamoja, hivyo mchezo unafaa kuonyesha wazo la msingi tu.

Shule na kazi

Mtoto wa shule huondoka kwa basi asubuhi na kurudi alasiri akiwa na kazi ya nyumbani. Mara ya kwanza huhitaji mtu mkubwa wa kumfundisha namna ya kuifanya. Akishajua huifanya haraka zaidi. Alama zake hupanda akienda shule na kumaliza kazi hiyo, na hushuka akiiacha. Mtoto anayetelekezwa kwa njaa au upweke huchukuliwa na ofisa wa ustawi wa jamii.

Familia inayotaka mtoto asome shule binafsi humwalika mwalimu mkuu nyumbani. Mgeni huyo huonyeshwa nyumba, hupewa chakula cha jioni na kuzungumziwa kwa heshima, na kila jambo humpa pointi. Zikifika 90 mtoto hupokelewa. Akili ya mtoto haiulizwi hata kidogo katika ziara hiyo, na wachezaji wamekuwa wakiuona utaratibu huu kuwa kejeli juu ya shule za wenye nacho.

Watu wazima huchagua kazi kutoka nyanja 10, zikiwemo udaktari, siasa, jeshi, upishi, michezo na hata uhalifu. Kupandishwa cheo hutegemea hali ya moyo ya mhusika, stadi alizojifunza na idadi ya marafiki wa familia. Stadi ni saba: upishi, ufundi, haiba, mazoezi ya mwili, mantiki, ubunifu na usafi. Mshahara hulipwa siku ileile ya kazi.

Ankara, moto na kifo

Ankara huletwa na mtu wa posta mara mbili kwa wiki. Zisipolipwa kwa muda mrefu huja ofisa wa kukamata mali na kuondoka na samani zenye thamani ya deni. Mhusika asiyejua kupika anaweza kuwasha moto jikoni, na anayetengeneza kifaa cha umeme bila stadi anaweza kupigwa shoti.

Mhusika anapofika mwisho wa maisha hutokea mtoa roho, aliyevaa joho jeusi na kubeba kwanja refu. Aliyekufa akiwa ameridhika sana na maisha yake huondoka kama anayekwenda likizo. Aliyekufa kwa ajali anaweza kuombewa na mtu wake wa karibu: mwombaji hubahatisha ni mkono upi wa mtoa roho wenye roho ya marehemu, na kadiri alivyompenda marehemu ndivyo bahati inavyokuwa kubwa. Baada ya kifo hubaki kaburi nje ya nyumba au chombo cha majivu ndani.

Vitongoji

Mchezo wa msingi una vitongoji vitatu. Pleasantview ni kile cha mchezo wa kwanza miaka 25 baadaye. Humo anaishi Mortimer Goth ambaye mkewe, Bella, ametoweka, na kutoweka huko kukawa fumbo mashuhuri zaidi la mchezo. Strangetown ni mji wa jangwani wenye wanasayansi, wanajeshi na viumbe kutoka sayari nyingine. Veronaville umejengwa juu ya tamthilia za Shakespeare: familia mbili zinazochukiana, Capp na Monty, zimetokana na zile za Romeo na Juliet. Mchezaji hapewi mwisho wa hadithi hizi. Anaweza kuwapatanisha mahasimu au kuwaacha wagombane hadi wajukuu.

Lugha

Wahusika hawazungumzi Kiingereza wala lugha nyingine ya kweli, bali Simlish, lugha ya kubuni isiyo na maana maalumu. Kabla ya kuibuni, watengenezaji wa The Sims walijaribu kuchanganya sauti za lugha halisi kama Kiukraine, Kitagalog na Kinavajo. Waigizaji Stephen Kearin na Gerri Lawlor walishiriki kuiunda kwa kubahatisha sauti papo hapo. Faida yake ni kwamba mchezaji husikia furaha, hasira au huzuni bila kuchoshwa na maneno yaleyale. Baadhi ya wanamuziki, wakiwemo kundi la Depeche Mode, walirekodi upya nyimbo zao kwa Simlish.

Maandishi ya kwenye skrini yalitafsiriwa katika lugha nyingi, lakini Kiswahili hakikuwa miongoni mwake. Mwaka huohuo wa 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Kwa hiyo mtumiaji wa Kiswahili aliweza kuandika barua kwa lugha yake kwenye kompyuta, lakini sio kucheza mchezo huu.

Vifurushi vya nyongeza

Kati ya mwaka 2005 na 2008 vilitolewa vifurushi vikubwa 8 vya kuongeza mambo mapya, pamoja na vidogo vya samani na mavazi. Vile vikubwa ni:

- University (2005): masomo ya chuo kikuu na hatua ya kijana mkubwa
- Nightlife (2005): maisha ya mjini usiku, mikahawa na magari
- Open for Business (2006): kuendesha duka au biashara
- Pets (2006): wanyama wa kufugwa ndani, hasa mbwa na paka
- Seasons (2007): majira ya mwaka, mvua, theluji na bustani
- Bon Voyage (2007): safari na likizo
- FreeTime (2008): shughuli za mapumziko
- Apartment Life (2008): kupanga nyumba na kuishi na majirani

Mwaka 2005 yalitoka pia matoleo ya PlayStation 2, Xbox, GameCube na vifaa vya Nintendo vya mkononi. Matoleo hayo yana jina hilohilo lakini ni michezo tofauti, na wahusika wake hawazeeki.

Mapokezi

Nakala milioni moja ziliuzwa ndani ya siku 10 za kwanza. Tovuti ya Metacritic, inayokusanya alama za wahakiki, inaupa toleo la Windows alama 90 kati ya 100. Wahakiki wengi walisifu umri, urithi na matakwa ya wahusika. Lawama zilihusu uzito wa mchezo kwa kompyuta za wakati ule na muda mrefu wa kusubiri kila familia inapofunguliwa.

Wachezaji walibuni pia kanuni zao wenyewe. Inayojulikana zaidi ni changamoto ya ukoo: kuanza na mtu mmoja kwenye kiwanja kitupu na kuendeleza familia hadi kizazi cha kumi.

Maisha ya mchezo na maisha ya kaya

Michezo ya kuigiza maisha haikuanza na kompyuta. Watoto wa Afrika Mashariki wamekuwa wakicheza baba na mama, wakipika kwa vifuu na majani. Katika maeneo ya wafugaji, kama Bariadi, Maswa na Meatu katika Mkoa wa Simiyu, hufinyanga ng'ombe wa udongo na kuwajengea zizi la vijiti. Kila mchezo wa aina hii huchagua mambo machache ya maisha na kuacha mengine. Mtoto wa Simiyu huanza na ng'ombe. The Sims 2 huanza na kiwanja, friji na kitanda.

Maisha yanayoigizwa ni ya viunga vya miji ya Marekani. Tofauti zake na maisha ya kaya ya Simiyu, ambako wakazi wengi ni Wasukuma wanaolima na kufuga, zinasaidia kuona mchezo umejengwa juu ya mawazo gani:

- Kipato. Mhusika hulipwa kila siku ya kazi. Mkulima wa pamba, zao kuu la biashara la Simiyu, hupata fedha msimu wa mauzo, na lazima azigawe hadi msimu mwingine.
- Mali. Thamani ya familia ya mchezo ni nyumba, samani na fedha. Kwa mfugaji ng'ombe ni akiba, mahari na heshima kwa pamoja, na hakuna kifurushi chochote cha The Sims 2 chenye ng'ombe wa kufugwa.
- Mvua. Katika mchezo wa msingi hali ya hewa haiathiri kipato. Hata baada ya Seasons bustani humwagiliwa kwa maji ambayo hayakauki.
- Ukubwa wa familia. Mwisho ni watu 8, wakati Simiyu ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye wastani mkubwa wa watu kwa kaya.
- Msiba. Katika mchezo wanaolia ni wachache waliokuwa karibu na marehemu, na kesho yake gari la kazini linakuja kama kawaida. Hakuna majirani wanaokuja kulala matanga, kuchota maji na kupika.

Tofauti hizi hazifanyi mchezo kuwa wa uongo. Zinaonyesha kwamba kanuni za mchezo wowote wa kuigiza zimeandikwa na watu wa mahali fulani, wakihesabu yale wanayoyaona kuwa ya lazima. Mambo mengine hufanana kila mahali: siku za mtoto kujifunza ni chache, na mzazi mmoja hawezi kuwa shambani au ofisini na nyumbani kwa wakati mmoja.

Upatikanaji nchini Tanzania

Mchezo ulipotoka, Mkoa wa Simiyu haukuwepo bado. Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa mpya ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, na mji wa Bariadi ukawa makao makuu. The Sims 2 ulihitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya megabaiti 256 na nafasi ya gigabaiti kadhaa kwenye diski kuu, mbali na umeme wa kuaminika. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na kebo ya SEACOM ya chini ya bahari ilifika Dar es Salaam mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilitegemea zaidi satelaiti, na mchezo wa ukubwa huo ulikuwa wa kununuliwa kwenye diski.

Siku hizi njia rahisi zaidi ya kukutana na mfululizo huu ni simu, kupitia The Sims FreePlay, uliotoka mwaka 2011. Huo ni mchezo tofauti: mambo yake huchukua muda wa saa halisi na mchezaji huvutwa kulipia ili kufupisha kusubiri.

Matoleo ya baadaye

The Sims 3 ulitoka mwaka 2009 na The Sims 4 mwaka 2014. Mwezi Julai 2014, baada ya kuacha kuuhudumia mchezo huu, Electronic Arts iligawa bure kwa muda mfupi mkusanyo wa The Sims 2 na nyongeza zake. Kwa zaidi ya miaka 10 iliyofuata haukuuzwa rasmi kwa Windows, na walioupenda waliendelea kuurekebisha wenyewe ili ufanye kazi kwenye kompyuta mpya. Tarehe 31 Januari 2025, mfululizo ulipotimiza miaka 25, ulitolewa tena kwa Windows kwa jina la The Sims 2 Legacy Collection, pamoja na karibu nyongeza zake zote.